Wanaokokota Hawahesabiwi

16 Oktoba, Jumatatu

Leo asubuhi nimekuta njia ya baiskeli imechorwa X nyekundu, kila baada ya hatua ishirini, kuanzia mbele ya meza yangu mpaka chini kwenye maduka. Mjini kwetu X inajulikana. Nyumba ikichorwa, mwenye nyumba huanza kutafuta wakili au lori la kuhamia. Njia haina mwenyewe, kwa hiyo imekaa kimya.

Meza yangu iko Katubuka, kilima cha Msufini, mahali barabara ya kutoka Mwandiga inapoinama kuelekea mjini. Msufi wenyewe ulikatwa zamani. Limebaki jina, na turubai langu la bluu, ambalo ndilo kivuli pekee cha kilima kizima. Natengeneza redio, simu, na taa za sola za wavuvi wa Mwamgongo. Sikusomea. Redio ya kwanza niliifungua kwa kisu cha kukatia mkate, ikapona, nami nikapata kiburi ambacho hakijaisha.

Mvua bado. Ziwa linaonekana mpaka milima ya Kongo.

17 Oktoba, Jumanne

Pastory, mwenyekiti wetu wa mtaa, kaja na simu isiyoshika chaji na habari isiyosubiri. Njia ya baiskeli inaondolewa, kuanzia madukani kupanda mpaka huku juu. Patakuwa maegesho ya magari.

"Magari ya nani?" nikamuuliza.

"Ya watakaokuja."

"Na wenye baiskeli?"

"Wako wapi hao, fundi? Wataalamu walihesabu hapa mwezi wa saba, siku tatu nzima. Wamepata baiskeli kumi na moja kwa siku. Kumi na moja! Njia yote ile, watu kumi na mmoja!"

"Timu ya mpira," nikasema.

Akacheka mpaka akashika meza. Alipokuwa anacheka, nyuma yake walishuka wanne kwa miguu, kila mmoja na baiskeli yake yenye madumu manne ya mawese, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye fimbo iliyofungwa nyuma ya tandiko, wameegemea nyuma kama watu wanaomzuia ng'ombe asikimbilie maji. Pastory hakugeuka. Mimi nilijifanya natafuta waya.

18 Oktoba

Simu ya Pastory imepona. Mvua bado.

20 Oktoba, Ijumaa

Niandike basi, maana daftari halina mdomo.

Mwezi wa saba alikuja kijana wa kampuni ya ushauri, suruali imenyooshwa pasi mpaka inakata. Alitafuta pa kukalisha mtu wa kuhesabu vyombo vya barabarani. Akatazama juu, akatazama chini, akaona turubai langu. Kilima kizima kilichaguliwa kwa ajili ya kivuli. Akaniuliza kama najua kuandika. Nikamwonyesha mwandiko wangu. Akanipa fomu, kofia na katoni ya maji ya chupa, akasema nisimwambie mtu, watu wakijua wanahesabiwa hubadilisha tabia.

Fomu ilikuwa na safu nne: magari, pikipiki, baiskeli, waenda kwa miguu. Chini kwa herufi za sisimizi: *Baiskeli: hesabu zilizopandwa tu.*

Sasa Msufini hapa hakuna anayepita juu ya baiskeli. Ukitoka Mwandiga na mzigo unaushusha kwa miguu, usikukimbie. Ukirudi mtupu unapanda kwa miguu, kwa sababu Mungu hakuumba goti la kilima hiki. Nilimuuliza yule kijana. Akasema, "Anayekokota ni mwenda kwa miguu, mzee. Fuata fomu."

Nikafuata fomu. Siku tatu walipita mbele yangu kwa mamia, nikawaweka kwenye safu ya nne pamoja na wanafunzi na walevi. Wale kumi na mmoja wa kila siku, waliopanda, walikuwa vijana wa kushindana, na padri mmoja.

Hakuna aliyenishuku. Mimi huandika siku zote. Anayejua ni Frida, mke wangu, kwa sababu kofia ilibidi ifuliwe.

26 Oktoba, Alhamisi

Saa saba mchana, jua limesimama, barabara tupu. Nikasikia baiskeli yenye mzigo inashushwa: rimu inakwaruza, ndala za tairi zinaburuza, mtu anapumua kwa mdomo. Nikainua kichwa nimsalimie. Hapakuwa na mtu. Pumzi ilipita mbele ya meza, ikaenda chini.

Nimefungua redio iliyokuwa mezani kuangalia kama ni yenyewe. Haikuwa na betri.

27 Oktoba

Tena. Saa saba. Nimehamisha meza hatua mbili.

1 Novemba, Jumatano

Mvua ya kwanza, imevuka ziwa kutoka Kongo kama mtu aliyetumwa. Turubai limevuja palepale pa mwaka jana.

6 Novemba, Jumatatu

Melania amekuja na karatasi ya malalamiko. Huyu ni mjane wa Vedasto, rafiki yangu, aliyesukuma mawese kilimani hapa mpaka lori lilipomkwangua, miaka minane iliyopita, njia ya baiskeli ikiwa haijakuwepo. Alifia kwenye shina la msufi, kichwa kikiwa mapajani mwangu. Mwaka uliofuata wakajenga njia, wakapanga mawe ya ukingo ya njano kati yake na magari. Tangu hapo Msufini hajafa mtu. Melania anauza mawese sokoni. Anayemletea mzigo ni Yona, mdogo wake Vedasto.

"Shemeji," akasema, "wanasema hatupo. Tumekusanya vidole mia tatu na arobaini tuwaonyeshe kama hatupo."

Wino wa muhuri ulikuwa umewaishia kwenye kidole cha hamsini. Waliobaki walichovya gumba kwenye mawese. Karatasi zimekuwa za rangi ya machungwa, zimelowa mafuta mpaka unasoma upande wa pili bila kugeuza.

"Weka na wewe."

Nikatoa kalamu, nikasaini kwa mwandiko mzuri. Yona alikuwa ameegemea nguzo yangu.

"Tazama fundi anavyosaini," akasema, "kama anafungisha ndoa! Sisi wengine tunachovya kidole kama tunaonja mchuzi."

"Ungesoma nawe," nikamwambia.

"Ningesoma nani angekuletea mafuta ya kukaangia hao dagaa wako? Redio?"

Wakaondoka wanacheka. Saini yangu ndiyo pekee iliyokuwa kavu.

7 Novemba

Frida: "Umesaini kupinga hesabu yako mwenyewe?"

Mimi: "Nimesaini kama mwananchi."

Frida: "Na ile nyingine ulihesabu kama nani?"

Nikamwambia chumvi imezidi kwenye mboga. Haikuzidi.

13 Novemba

Mvua. Mvua. Radi imeua redio tatu, mbili hazikuwa zangu.

17 Novemba, Ijumaa

Mhandisi amekuja mwenyewe. Anaitwa Aikande, kahamishiwa kwetu mwezi wa tisa kutoka Moshi, bado anavaa viatu vya Moshi. Nilitarajia mtu wa kumchukia, nikakosa. Kanipa shikamoo kabla sijamaliza kumtathmini.

Melania alimsubiri barabarani na wanawake kumi wa sokoni.

"Mama, nimesoma barua yenu," mhandisi akasema. "Ila kwenye ripoti niliyokuta, baiskeli ni kumi na moja. Siwezi kwenda kikaoni na vidole vya mafuta. Nahitaji namba."

"Basi hesabu tena. Usitume mtu. Njoo na watu wako, tuwaone kwa macho."

Aikande akafikiri. "Tarehe tano Desemba, kuanzia saa moja asubuhi. Fomu ileile, ili zilinganishwe. Lakini huko chini mkandarasi ameshapewa kazi, siwezi kumzuia."

*Fomu ileile.* Nilikuwa nimeshika chuma cha kulehemu, kikanigusa kidole. Ningeweza kusema pale pale, ilikuwa ni kufungua mdomo tu. Nililamba kidole.

20 Novemba, Jumatatu

Wameng'oa mawe ya ukingo pale madukani, hatua kama mia. Kufika adhuhuri lori la saruji lilikuwa limeshaegeshwa juu ya njia, dereva kavua viatu, analala. Watakaokuja wameanza kuja.

22 Novemba

Saa saba, pumzi ile. Safari hii ilisimama mbele ya meza. Nikasema, "Mwakeye," salamu yetu ya Kiha, kwa adabu, maana mtu akisimama husalimiwa hata kama hayupo. Ikaendelea kushuka. Baadaye niliona tone la mawese kwenye lami, mbichi, na jingine mbele yake, yanashuka kwa mstari mpaka kwenye maduka. Dumu la mtu linavuja. Nimeandika hivyo: dumu la mtu linavuja.

28 Novemba, Jumanne

Nimetafuta njia ya kurekebisha mambo bila ya mimi kuonekana. Kipaji changu ndicho hicho.

Yona alipita akirudi mtupu, nikamwita akaja kunywa kahawa.

"Hiyo hesabu ya tarehe tano," nikamwambia, "nimesikia wanaandika aliyepanda tu. Anayekokota hawamwoni."

"Umesikia wapi?"

"Nimesoma mahali."

Akanitazama. Yona ana macho ya kaka yake, yanachelewa kuondoka. "Kwa hiyo mwezi wa saba ndiyo maana tukawa kumi na moja?"

"Huenda."

"Ala! Na mimi nilipita siku zote zile." Akacheka kwa nguvu. "Kumbe nilikuwa mtu wa miguu! Mke wangu atanidai baiskeli imekwenda wapi."

"Mkifika hapa kwenye meza mpande. Hatua thelathini tu, mbele ya wale waandishi, kisha mshuke."

"Na madumu manne, fundi? Mteremko huu?"

"Hatua thelathini."

Akamaliza kahawa. "Nitawaambia wenzangu," akasema.

Nilirudi nyumbani nikajisikia mjanja. Nakiri hivyo hapa. Nilikula vizuri.

4 Desemba, Jumatatu

Mvua kutwa. Yona kapita, kasema wamekubaliana wote. "Kesho utatuona kama harusi!" Nikamwambia lami itateleza. Akasema, "Hatua thelathini, fundi, wewe mwenyewe umesema."

Ningeweza kumwambia aache. Nilisema angalia breki.

5 Desemba, Jumanne

Mvua ilikatika alfajiri. Saa moja waandishi wawili wa mhandisi wakakaa chini ya turubai langu, yeye mwenyewe akabaki chini kwenye maduka. Nikawatengea kiti. Nikajihesabia na mimi kichwani, mazoea.

Kwanza palikuwa na raha. Wa kwanza alifika kwenye meza, akarusha mguu, akapanda juu ya madumu manne, akayumba kama bata, akapita! Wanawake wa sokoni walikuwa wamepanda kilimani kuangalia, wakapiga vigelegele. "Panda baba! Panda usionekane mwenda kwa miguu!" Wa pili. Wa tano. Mmoja alianguka pembeni kwenye majani, dumu likaviringika, akalikimbilia huku anatukanwa na dada yake. Waandishi wenyewe walicheka. Walikuwa wanaweka alama, alama, alama. Melania alisimama upande wa pili wa barabara amejifunga kanga kiunoni, nikamwona anatabasamu, na tangu Vedasto azikwe sijui kama nimewahi kuliona lile tabasamu.

Nilichokiona mapema, na sikukisema, ni kwamba hakuna aliyeweza kushuka baada ya hatua thelathini. Baiskeli yenye mzigo ukishaipa kilima haikurudishii. Walikuwa wanashuka mpaka chini kabisa, miguu imetanuliwa, soli zinaburuza lami. Wakifika chini wanapunga mkono. Kila mmoja alipopunga nilivuta pumzi ya mtu huyo, nikaanza kusubiri ya mwingine.

Saa nne kasoro Yona akatokea. Alipanda kabla ya meza, kwa madaha, mgongo umenyooka.

"Fundi!" akapiga kelele. "Nimepanda!"

Mwandishi akaweka alama. Ilikuwa ya arobaini na saba.

Kisha nikasikia breki. Mpira uliolowa kwenye rimu iliyolowa hautoi mlio wa kusimama, unatoa mlio wa kuomba. Yona akateremsha miguu, ndala moja ikang'oka ikabaki barabarani. Njia ilikuwa inamshika vizuri, mawe ya njano upande wa magari, gari halimgusi. Mpaka pale mawe yalipokwisha. Pale palikuwa na lori la saruji, limeegeshwa.

Sitaandika mlio.

Watu wote walikimbia chini. Mimi nilikuwa nimesimama, sijakimbia bado, na mbele ya meza akapita mtu wa arobaini na nane. Huyu hakupanda. Alikuwa anaishusha baiskeli yake taratibu kwa miguu, mkono kwenye fimbo, amegeuza uso kutazama chini kule wanakokimbilia. Nilimweka kwenye hesabu kabla sijajua ninafanya nini. Nguo zake zilikuwa kavu, ingawa barabara iliwarukia maji wote waliomtangulia. Nikafumba macho, na nilipofumbua palikuwa na ndala ya Yona tu.

Nikamuuliza yule mwandishi aliyebaki. "Umepata ngapi?"

"Arobaini na saba, mzee." Akafunika kalamu. "Hesabu imesimamishwa."

Nilipofika chini mawese yalikuwa yametapakaa lami yote, mekundu, na mvua ikaanza tena, yakatengeneza njia zake kwenda ziwani. Aikande alikuwa amepiga magoti ndani yake na viatu vyake vya Moshi, ameshika kichwa cha Yona, anamwambia, "Kaka, nitazame. Nitazame hapa." Yona alikuwa anamtazama. Ila alikuwa haoni.

6 Desemba

Sikufungua.

9 Desemba, Jumamosi

Tumemzika Mwandiga, karibu na kaka yake. Udongo mzito wa mvua. Wenzake walikuja wakikokota baiskeli tupu, kwa mstari, nusu saa mstari ulikuwa bado unapita. Melania alinishika mkono. "Shemeji, wewe ulikuwa wa mwisho kuongea naye. Alisema nini?"

"Alisema amepanda."

"Amepanda," akarudia, kama mtu anayejaribu kiatu.

12 Desemba

Saa saba wanapita wawili sasa. Mmoja anakohoa. Yona hakuwa anakohoa. Nimelishikilia hilo.

18 Desemba, Jumatatu

Pastory kaniletea nakala ya taarifa. Baiskeli zimeongezeka hadi arobaini na saba kwa saa tatu. Nikafurahi kwa mstari mmoja. Mstari wa pili: waendesha baiskeli wanashuka Msufini kwa mwendo wa hatari, ajali ya tarehe tano ni ushahidi, njia inawapa ujasiri wa kupanda mahali pasipopandika. Inapendekezwa njia yote iondolewe mapema. Wananchi watasikilizwa tarehe kumi na mbili Januari, ofisi ya kata.

Nimesoma mara nne. Imeandikwa kwa Kiswahili kizuri. Ningeweza kuiandika mimi.

25 Desemba

Frida alipika pilau. Alipomaliza kula akasema, "Watu wanasema Yona alilewa." Akakusanya sahani. "Unawaacha waseme hivyo?"

1 Januari

Mvua.

3 Januari, Jumatano

Mvua, na redio ya mvuvi mmoja inayoshika stesheni za Burundi tu. Nimempa, nikamwambia ajifunze.

12 Januari, Ijumaa

Ofisi ya kata ilijaa, wengine wakasimama dirishani na matone yanawachuruzika shingoni. Mbele alikaa afisa mmoja kutoka mjini, Pastory, na Aikande, ambaye hakuinua uso. Afisa akasoma taarifa. Alipofika kwenye "ujasiri wa kupanda" watu wakaguna.

Melania akasimama.

"Mimi nina swali moja tu. Mume wangu alishuka kile kilima miaka kumi na minne, kwa miguu. Yona ameshuka miaka minane, kwa miguu. Hata mlevi wa Mwandiga anajua Msufini haipandwi na mzigo. Siku hiyo wote wamepanda. Mnasema njia ndiyo iliwapa ujasiri. Njia ina mdomo? Nani aliwaambia wapande?"

Mmoja wa wasukumaji alikuwa amesimama dirishani. Akanitazama, kisha akatazama miguu yake. Yona alipowaambia wapande, alitaja pia nani aliyemwambia. Wale watu walijua, na mwezi mzima hawakuwa wamesema. Walikuwa wananisubiri niseme mwenyewe.

Nikasimama. 

"Mimi ndiye niliyemwambia."

"Wewe, fundi?" Pastory akasema. "Kwa nini?"

"Kwa sababu nilijua fomu. Mwezi wa saba aliyehesabu ni mimi."

Nikaeleza: kivuli, safu nne, herufi za sisimizi, mamia ya waliokokota nikiwaweka kwenye safu ya waenda kwa miguu. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, na nilijisikia vibaya kwa jinsi nilivyokuwa naeleza vizuri. Nikasema Yona hakulewa. Nikasema alikuwa anafuata maneno yangu.

Aikande ndiye aliyeongea kwanza. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mzee, kwenye fomu kuna sehemu ya maoni. Mistari sita. Kwa nini hukuandika hapo?"

"Niliandika."

"Uliandika nini?"

"Hali ya hewa nzuri."

Mtu mmoja alicheka, kile kicheko cha mtu aliyekanyagwa. Kisha Melania akageuka. Hakupiga kelele, na ningependelea apige.

"Siku zile tatu Yona alipita?"

"Alipita."

"Mara ngapi?"

"Mbili kila siku. Kwenda na kurudi."

"Mara sita."

"Mara sita."

"Na mara zote sita ulimwona."

"Nilimwona. Tulisalimiana."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta chini ya kitanda. Akakaa.

Afisa akataka kuendelea na ajenda. Aikande akafunga faili lake, akamwambia mbele ya watu wote kwamba hesabu zote mbili hazifai, kwamba yeye alitumia fomu asiyoisoma mpaka chini, na kwamba hatasaini kuondoa hata jiwe moja la Msufini mpaka kuwe na safu ya tano. Afisa akamuuliza kama anajua anachosema. Akasema anajua, alikuwa amepiga magoti ndani ya mawese yale.

Nilitoka peke yangu. Watu walinipisha mlangoni, nafasi kubwa kuliko nilivyohitaji.

13 Januari

Leo hakuna aliyeleta redio.

20 Januari, Jumamosi

Wala simu. Frida amekaa na mimi mezani kutwa nzima, anasuka mkeka. Saa saba ilipofika akainua kichwa ghafla, akatazama barabara tupu kutoka juu kwenda chini, polepole, kama anayemsindikiza mtu kwa macho.

"Umesikia?" nikamuuliza.

"Suka mawazo yako," akasema.

1 Februari, Alhamisi

Hesabu ya tatu, saa kumi na mbili mpaka kumi na mbili. Safu ya tano: *wanaokokota.* Waandishi walikaa kwenye mwavuli wao, upande wa pili. Sikuwaangalia. Nilitengeneza taa ambayo haikuwa imeharibika.

6 Februari, Jumanne

Wanaokokota mia sita na kumi na wawili. Waliopanda tisa. Pastory kasoma kwa kipaza sauti cha msikiti, kwa ruhusa. Njia ya Msufini inabaki, na pale chini mawe yanarudishwa. Mchana lori la saruji liliondoka. Ilibidi lisukumwe, betri ilikuwa imekufa, na waliolisukuma ni wale wale wa mawese.

Nilisikia vigelegele kutoka sokoni. Nilikuwa na furaha, na furaha yenyewe ilikaa mbali nami, kama mgeni anayeogopa mbwa.

9 Februari, Ijumaa

Melania hana tena wa kumletea mzigo, kwa hiyo anajiletea. Leo nimemwona mara ya kwanza, saa mbili asubuhi, manyunyu, anashuka na madumu mawili tu, bado anajifunza, mwili mzima umeegemea nyuma, mawe ya njano kulia kwake. Alipofika mbele ya meza mikono ikamchoka. Akaweka jiwe chini ya tairi, akapumua.

Nikasimama. Kalamu ilikuwa mkononi kwa sababu huwa mkononi.

"Mwakeye," nikasema.

Hakuitikia. Nyuma yake, juu zaidi kilimani, nikasikia ndala zinaburuza, za watu wawili, hawana haraka, wanamsubiri apumzike. Sikuinua macho kuwatazama. Yeye naye hakugeuka. Alikuwa anaitazama kalamu.

"Mzee Oswald," akasema. Miaka ishirini na miwili nimekuwa shemeji. "Mimi usiniandike."

Akasogeza jiwe kwa mguu, akakaza mkono kwenye fimbo, akaendelea kushuka.

Nimeandika hili ili atakayeliokota daftari asidhani kurasa zilizobaki ziliachwa tupu kwa sababu ya mvua.